Levereji ya 1:1000 ni kwa faida ya nani?

Katika makundi ya forex, yaani biashara ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni, ya WhatsApp na Telegram, swali la mgeni huwa ni lilelile: "Broka (kampuni inayokufungulia akaunti ya biashara hiyo) gani anatoa levereji kubwa?" Majibu hayachelewi. Huyu anatoa 1:500, yule 1:1000, mwingine 1:2000, na kadiri namba inavyopanda ndivyo broka anavyoonekana mkarimu. Kwa maoni yangu, vijana wengi huanza kuunguza akaunti zao hapohapo, kabla hata hawajabonyeza kitufe cha kununua.

Levereji ni uwiano kati ya ukubwa wa biashara uliyofungua na fedha ambayo broka anaishikilia kwenye akaunti yako kama dhamana. Ikiwa ni 1:500, biashara ya dola 50,000 inahitaji dhamana ya dola 100. Zile 49,900 zilizobaki hujakabidhiwa. Huwezi kuzitoa wala kulipia kodi ya chumba. Lakini faida na hasara zinahesabiwa kwa dola 50,000 zote. Ni sawa na mtu aliyelipa arubuni ya nyumba: bei ya nyumba ikishuka, kinacholiwa kwanza ni arubuni yake.

Wengi wakielezwa hivyo wanaitikia, kisha dakika mbili baadaye unamsikia mtu akisema, "Nina dola mia, lakini kwa levereji nina elfu hamsini." Hana. Ana dola mia.

Kijana mmoja fundi simu mtaani kwetu alinionyesha biashara yake ikiwa bado wazi kwenye skrini. Akaunti ilikuwa na dola 100, levereji 1:500, naye alikuwa amenunua EUR/USD, yaani euro kwa dola, loti 0.40 bei ikiwa karibu 1.10. Loti moja ni euro 100,000, kwa hiyo 0.40 ni euro 40,000, sawa na dola 44,000. Dhamana iliyoshikiliwa: dola 88. Kila pipu moja, yaani bei ikisogea kwa 0.0001: dola 4. Spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ya pipu moja peke yake ilikuwa imeshamla dola 4 kabla bei haijasogea popote. Broka wake alikuwa anafunga biashara kwa nguvu salio likishuka hadi nusu ya dhamana, yaani dola 44. Maana yake kijana alikuwa na nafasi ya kupoteza dola 56, ambazo ni pipu 14. EUR/USD inaweza kutembea pipu 14 ndani ya saa moja, siku ambayo hakuna habari yoyote kubwa. Bei ilishuka kidogo, ikamfunga, na jioni ikapanda kama alivyotabiri. Uchambuzi wake ulikuwa sahihi kabisa, ila yeye hakuwepo sokoni kuula.

Wazoefu watanijibu kwamba tatizo ni loti, levereji haina kosa. Kihesabu wako sawa: mtu mwenye akaunti ya 1:500 akifungua loti 0.01, kila pipu ni senti 10 tu na hatikiswi na pipu 14. Lakini hoja hiyo inamfaa mtu aliyekwisha jifunza kujizuia. Mgeni wa juzi hana breki hizo. Kwa levereji ya 1:30, fundi wetu na dola zake 100 asingeweza kufungua zaidi ya loti 0.02, hata angetaka namna gani. Pipu 14 zingemgharimu kama dola 3, na jioni angekuwa bado ndani.

Hiyo 1:30 sikuiokota hewani. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, iliweka kikomo hicho kwa jozi kubwa za sarafu Agosti 2018, baada ya kueleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika biashara hizi hupoteza fedha. Marekani kikomo ni 1:50 tangu 2010, Japani ni 1:25 tangu 2011, na Australia ilifuata na 1:30 mwaka 2021. Kenya, ambayo Mamlaka yake ya Masoko ya Mitaji ilistahili pongezi kwa kuweka kanuni za forex ya mtandaoni mwaka 2017, iliruhusu hadi 1:400. Sioni sababu ya mwananchi wa Nairobi kulindwa mara kumi na tatu pungufu ya mwananchi wa Paris, wakati dola mia ya Nairobi ni ngumu zaidi kuipata.

Na wanaosema oda ya kukata hasara, ile inayofunga biashara yenyewe bei ikifika ulipoweka, inatosha, wakumbuke Januari 15, 2015. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa ikizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Asubuhi hiyo ikaacha ghafla. Ndani ya dakika chache faranga ikapaa kwa takriban asilimia 30. Oda za kukata hasara zilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu wa kununua kwenye bei zilizowekwa, zikatekelezwa mbali sana huko chini. Watu waliamka wanadaiwa zaidi ya walichoweka. Kampuni ya ubroka ya FXCM ilitangaza kwamba wateja wake walikuwa wanadaiwa dola milioni 225, na nyingine, Alpari ya Uingereza, ikafilisika. Kama levereji inaweza kumwangusha broka mwenyewe, mwenye dola mia ajilinde na nini?

Kwa nini basi namba hizo zinatangazwa kwa herufi kubwa? Broka anapata spredi kwa kila loti. Loti zako zikiwa kubwa mara kumi, spredi anayokusanya nayo ni mara kumi. Wapo pia mabroka, tena wengi, ambao wao wenyewe ndio upande wa pili wa biashara ya mteja. Ulichopoteza wewe wamekipata wao. Hilo limeandikwa kwenye mikataba yao, kwenye kurasa ambazo watu huzipitia haraka ili wafike kwenye bonasi.

Wanaofundisha forex kwa ada nawaomba wabadili somo la kwanza. Kabla ya mishumaa ya chati, kabla ya kuchora mistari, mwanafunzi ajue kukokotoa loti. Ana dola 100 na yuko tayari kupoteza dola 1 kwenye biashara moja. Umbali wa kukata hasara ni pipu 20. Dola 1 gawanya kwa 20 ni senti 5 kwa pipu. Loti ndogo kabisa kwenye akaunti ya kawaida, 0.01, ni senti 10 kwa pipu, mara mbili ya anachokimudu. Kwa hiyo dola 100 haitoshi akaunti ya kawaida. Afungue akaunti ya senti, ambayo salio na loti zake huhesabiwa kwa senti, au aendelee na akaunti ya mazoezi mpaka mtaji ukue.