Dhahabu ya Ufilipino kwenye barafu ya Harbin ni ya nani?

Tarehe 14 Februari 2025, mjini Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, timu ya wanaume ya Ufilipino iliifunga Korea Kusini 5–3 kwenye fainali ya kelingi (curling), mchezo wa kusukuma mawe barafuni, ya Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi. Nusu fainali walikuwa wamewatoa wenyeji China. Hakuna nchi ya Kusini-mashariki mwa Asia iliyokuwa imewahi kutwaa dhahabu katika michezo hiyo, na Ufilipino haikuwa na uwanja hata mmoja uliojengwa kwa ajili ya kelingi. Barafu iliyopo Manila ni ile ya ndani ya maduka makubwa, watoto wanakolipia kuteleza na viatu vya chuma. Chama chao cha kelingi kilikuwa na umri wa miaka miwili hivi.

Siri haikuwa siri. Nahodha Marc Pfister na nduguye Enrico ni watoto wa mama Mfilipino, lakini mchezo walijifunza Uswisi, na wote wawili walishaivalia Uswisi jezi kwenye mashindano makubwa. Christian Haller na Alan Frei nao ni matunda ya hukohuko. Ndipo lilipozuka swali ambalo halijatulia mpaka leo: je, hii ni dhahabu ya Ufilipino, au ni Uswisi ya pili imeazima bendera?

Ili kuupima ubishi huu ni lazima mtu ajue kelingi inachezwaje, maana nusu ya hoja imo ndani ya barafu yenyewe. Timu ni ya watu wanne, kila mmoja na mawe mawili kwa raundi. Jiwe ni la granite, uzito wake hauruhusiwi kuvuka kilo 19.96, nalo husukumwa kwenye njia ya barafu yenye urefu wa karibu mita 45 lifike kwenye duara la shabaha lenye kipenyo cha mita 3.66. Kabla ya mechi, fundi wa barafu hutembea kinyumenyume akiwa na tangi mgongoni, akinyunyiza matone ya maji. Matone hayo huganda yakawa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Mchezaji akiuzungusha mpini kidogo tu anapoliachia jiwe, litakwenda likipinda. Wenzake wawili hulitangulia wakifagia kwa nguvu, barafu ipate joto kidogo, jiwe lifike mbali zaidi na lichelewe kupinda. Nahodha amesimama upande wa pili akipaza sauti: fagieni, acheni, fagieni!

Barafu ya maduka haiwezi kazi hiyo. Imechanwachanwa na viatu, haina usawa, na jiwe likipita linayumba. Anayefanyia mazoezi huko anajifunza mchezo mwingine kabisa. Kwa hiyo anayeiambia Manila au Nairobi ikuze wachezaji wake nyumbani kwanza ndipo ije mashindanoni, anaiambia isije kamwe. Nadhani hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaoitetea Ufilipino, ingawa wao wenyewe hupenda kuanza na nyingine, ile ya damu.

Hata hivyo, hiyo ya damu nayo si hafifu. Kwa katiba ya Ufilipino, anayezaliwa na mama au baba raia ni raia, na tangu 2003 sheria yao imeruhusu uraia pacha. Ni nchi yenye mamilioni ya watu wanaotafuta riziki ng'ambo. Aliyewahi kufanya kazi Doha, Dubai au Muscat anawajua. Taifa linaloishi kwa fedha zinazotumwa na walio nje litawaambiaje watoto wa watu haohao kwamba wao si wa nyumbani? Akina Pfister hawakununuliwa. Mama yao ni Mfilipino, basi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua soko jingine, lile la kununuliwa. Mwaka 2003 Stephen Cherono, kijana wa Bonde la Ufa, aligeuka Saif Saeed Shaheen wa Qatar, na mwezi huohuo wa Agosti akashinda mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Mashindano ya Dunia jijini Paris. Ezekiel Kemboi wa Kenya akawa wa pili. Kaka yake mwenyewe, Abraham Cherono, alikuwa kwenye fainali hiyohiyo akiwa na jezi ya Kenya. Wengi waliouzomea uhamisho ule wanaweza kuitazama Harbin na kusema ni yaleyale. Mimi sioni hivyo. Cherono hakuwa na ndugu wala kaburi la babu Qatar. Kilichokuwapo ni mkataba. Riadha ilipokuja kuamka, ikasimamisha uhamisho wa aina hiyo mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikaufungua tena kwa sharti la kungoja miaka mitatu. Kelingi nayo ina vizuizi vyake: mchezaji awe raia au awe ameishi nchini miaka miwili mfululizo, na aliyekwisha kuwakilisha nchi moja hahamii nyingine asubuhi na mapema. Olimpiki wanataka uraia tu, ukaazi hautoshi.

Lakini kumtoa Pfister kwenye kapu la Shaheen hakumalizi kesi, kwa sababu waliofungwa nao wana lao la kusema.

Waangalie Wakorea. Nchi yao ilianza karibu na sifuri. Mwaka 2006 ilijenga kituo cha kelingi Uiseong, wilaya ya mashambani inayosifika kwa vitunguu saumu, na wasichana wa shule za hapo wakaingia barafuni kwa sababu hakukuwa na mengi mengine ya kufanya. Miaka 12 baadaye, wakiongozwa na nahodha Kim Eun-jung, walitwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Hiyo ndiyo njia ndefu: saruji, walimu, umeme, na watoto wanaoamshwa alfajiri. Sasa mweke Mkorea wa timu ya wanaume kwenye fainali ya Harbin. Kwa sheria ya kwao, dhahabu ya Michezo ya Asia, iwe ya kiangazi au ya baridi, humwondolea kijana utumishi wa jeshi wa mwaka mmoja na nusu hivi. Hupewa mafunzo ya wiki chache tu, akaendelea na michezo yake. Medali ya fedha haimpi chochote cha namna hiyo. Jiwe la mwisho lilipotulia, waliopoteza walipoteza zaidi ya mechi, tena mbele ya watu waliolelewa na mfumo wa Uswisi, mmoja wa mifumo bora kabisa duniani.

Na hapa ndipo upande wa wapinzani unaponishika. Uswisi, kama nchi nyingine yoyote, hupeleka timu moja tu ya wanaume kwenye Mashindano ya Dunia. Miaka hii ukitaka nafasi hiyo ni lazima umpite nahodha kama Yannick Schwaller, na wengi hawampiti. Mchezaji mzuri aliyekwama nyuma ya foleni ya aina hiyo, akiwa na mzazi kutoka nchi isiyo na barafu, ana mlango wa pili. Mashindano ya Dunia ya 2025 yalikuwa na timu 13 kwa kila jinsia: Ulaya nafasi nane, na nchi zote zilizobaki, kutoka Kanada na Japani hadi New Zealand, ziligombea tano kupitia mashindano ya Pan Continental yaliyoanzishwa 2022. Nafasi hizo tano naziona ni za kuutoa mchezo nje ya Ulaya. Zikianza kukaliwa na Wazungu wa Zurich wenye hati mbili za kusafiria, lengo litakuwa limepinda njiani, hata kama hakuna aliyevunja sheria.

Wengine hujibu kwamba hofu hiyo imekuzwa mno, na Harbin yenyewe inawapa ushahidi. Fainali ya wanawake ilizikutanisha Korea Kusini na China, nchi mbili zilizojenga zenyewe, na Korea ikashinda 7–2. Mfumo wa nyumbani haukuzikwa na timu moja ya wanaume. Nakubali, ila si kwa moyo wote: timu moja leo ni mfano wa kuigwa na nyingine kumi kesho.

Upande wa pili ziko nchi zilizojaribu kwa watu wao wenyewe. Qatar iliwapeleka Waqatari kwenye kelingi ya Michezo ya Asia ya Sapporo 2017, wakarudi mikono mitupu. Heshima ilikuwapo, ushindani haukuwapo, na sijaona hata mmoja kati ya wanaolaumu Ufilipino leo akiitaja Qatar kwa pongezi. Ndiyo unafiki mdogo wa mjadala huu. Nchi ngeni ikija na watu wake ikafungwa, ni burudani ya dakika mbili kwenye habari. Ikija na watoto wake wa ng'ambo ikashinda, ghafla kila mtu ni mlinzi wa maadili.

Afrika imo humohumo. Nigeria ilijiunga na shirikisho la dunia, World Curling, mwaka 2018, ya kwanza barani, kwa juhudi za watu wanaoishi Kanada. Mwaka 2019 pale Stavanger, Norwei, kwenye mashindano ya dunia ya wawiliwawili mchanganyiko, Tijani na Susana Cole wakaifunga Ufaransa. Kenya nayo ni mwanachama, na imewahi kupeleka timu kwenye daraja la B la Pan Continental. Nairobi ina barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, iliyofunguliwa 2005, ambako timu ya Ice Lions ilijifunzia hoki ya barafuni mpaka Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024. Ni barafu ndogo, ya kuteleza. Ukitaka kelingi ya kweli pale, utaanza upya.

Mimi naihesabu dhahabu ya Harbin kuwa ya Ufilipino, bila nyota wala tanbihi pembeni. Pendekezo la kuweka idadi ya lazima ya wachezaji waliozaliwa nchini silipendi: linamwadhibu mtoto kwa mahali mama yake alipokwenda kutafuta kazi. Mzigo naona uwekwe kwenye chama, si kwa mchezaji. Baada ya miaka kadhaa ya kucheza kwa bendera fulani, chama kionyeshe kitu nyumbani: seti ya mawe 16, fundi mmoja aliyefunzwa kutengeneza barafu, darasa la watoto hata kama ni kwenye barafu ya dukani saa za usiku wateja wameondoka. Kudai uwanja kamili kwenye nchi ya joto, kwa bei ya umeme tunayoijua, ni kufunga mlango kwa adabu. Na asiyeonyesha hata hayo madogo, nafasi yake ya bara apewe mwingine.

Kuna la pili, ambalo haliko mikononi mwa World Curling. Njia ya Ufilipino ilifunguliwa na sheria ya uraia kabla ya kufunguliwa na jiwe. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010, hivyo binti wa Kisumu aliyekulia Calgary, Kanada, anaweza kuichezea Kenya kesho bila kuuza chochote. Tanzania haijaruhusu. Anayezaliwa na uraia wa nchi mbili hutakiwa kuchagua akishakuwa mtu mzima, na aliyekulia Winnipeg, mwenye kazi na nyumba huko, tunajua atachagua nini. Akiwa mchezaji hodari wa kelingi atavaa jezi ya Kanada, na Kanada hiyo ina foleni ndefu kuliko ile ya Uswisi.