Tuulizwe kabla mkataba wa taka haujasainiwa

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Walikuwa wamechoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliwapa haki, Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale na litafute eneo jingine. Halikuacha. Lilirudi mahakamani kuomba muda, likapewa, likarudi tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipogoma kuongeza hata siku moja. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani, tena kwa kujiamini, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Basi taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu, nao wakafungua shauri lao mwaka huohuo, wakashinda. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na sasa zinaenda Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Mtu akiniambia kuwashirikisha wananchi kunachelewesha maendeleo, namkumbusha safari hiyo. Tabata na Kunduchi walisikilizwa, lakini walisikilizwa mbele ya jaji, malori yakiwa yameshaanza kumwaga. Gharama ya kutowauliza mapema tumeilipa wote.

Leo dampo limehamia mbali, lakini utaratibu wa kuamua bado ni uleule. Mkandarasi wa taka anapatikana huko juu, ada inapangwa huko juu, na mkazi anazijua habari hizo siku anapogongewa geti na kijana mwenye kitabu cha risiti. Kwetu mkandarasi aliletwa na lori kubwa. Yeyote anayeishi hapa angemwambia kwamba lori lile linaishia barabara ya lami, na zaidi ya nusu ya nyumba ziko ndani, kwenye vichochoro ambavyo hata bajaji inapita kwa kubembeleza. Kwa hiyo kina mama wanabeba viroba vyao mpaka barabarani na kuviacha pale. Lori lisipokuja kwa siku yake, mbwa na mvua vinamaliza kazi, na taka zinaingia kwenye mtaro. Ada inadaiwa vilevile. Halafu tunaambiwa wananchi hatuna mwamko.

Mimi sikubaliani kabisa na hilo neno mwamko. Watu wa mtaani wanazijua taka zao kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu wanaishi nazo. Nenda kwa mama ntilie yeyote saa tisa alasiri, chakula kikiwa kimekwisha. Utakuta ndoo mbili. Moja ina ukoko, mabaki ya ugali na wali, maganda ya viazi. Hiyo ina mwenyewe, mfugaji wa nguruwe anayepita jioni kuichukua. Nyingine ina makaratasi, mifuko ya unga na uchafu mwingine. Huyo mama anatenganisha taka kwenye chanzo kila siku ya Mungu, bila semina na bila bango. Ila hayumo kwenye mpango wowote, wala mfugaji wake hayumo.

Muulize pia anayeokota chupa. Atakueleza kwa dakika tano kile ambacho ripoti nene haisemi: chupa ya maji haikai chini kwa sababu ina mnunuzi, vyuma chakavu ndiyo kabisa, makaratasi magumu yanategemea bei ya wiki hiyo. Pampasi na nailoni laini za kufungia bidhaa hazina mtu, ndizo zinazobaki mtaroni. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mitaa ilibadilika kwa macho. Lakini hizo nyingine bado zipo, na wanaojua zinakotoka na zinakokwama ni hawa vijana wenye viroba mgongoni, ambao kwenye vikao vya usafi wanazungumziwa kama sehemu ya tatizo.

Jambo linaloniuma zaidi ni taka zinazooza. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni Dar es Salaam ni za aina hiyo: maganda, mboga, majani, mabaki ya chakula. Fika soko la Mabibo uone mikungu iliyopukutishwa na majani ya migomba yaliyofungia ndizi, marundo kwa marundo. Vitu hivyo vimejaa maji, ni vizito, na tunavipakia kwenye malori yanayochoma mafuta mpaka Pugu, yakidondosha maji machafu njia nzima ya Gongo la Mboto, ili vikaoze huko. Wakati huohuo mkulima wa mchicha bondeni ananunua samadi.

Manispaa ya Kinondoni, hapahapa Dar es Salaam, imeonyesha njia. Kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, ambalo lina udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande chenye uwezo wa kupokea tani 50 za taka kwa siku. Nakipongeza kwa moyo wote. Ila kiwanda cha mboji kinataka taka safi, na usafi huo unaanzia jikoni kwa mtu. Ukichanganya vioo na pampasi kwenye ndoo ya maganda, mboji imeharibika. Na mtu aliyetenganisha vizuri nyumbani, kisha akaona ndoo zote mbili zinamwagwa kwenye lori moja, hatatenganisha tena wiki ijayo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina sehemu nzima inayohusu taarifa na ushiriki wa wananchi, kwa hiyo hatuombi hisani. Tunachotaka kinawezekana kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwembe, na viti vya kuazima. Kabla mkandarasi hajasaini, rasimu ya mkataba isomwe kwa sauti: siku za kuzoa, ada, na adhabu yake asipokuja. Wenye nyumba za ndani waseme guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, lipite wapi na saa ngapi. Wakae hapo mama ntilie, wauza genge, waokota chupa na wakulima wa bondeni, kila mmoja aseme anachoweza kuchukua na anachokataa. Kizimba cha kukusanyia taka kisijengwe mpaka majirani zake wamekubali mahali. Na mkataba ukishasainiwa, nakala yake ibandikwe nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na namba ya simu ambayo mkandarasi mwenyewe anaipokea.