Testa wa mkono kaachwa na gari? Taratibu kwanza

Juzi kijana mmoja wa Chumbageni, Tanga, hii kazi ya utesta, yaani kukagua programu za kompyuta kama zinafanya kazi sawasawa, nimemwanzisha mwenyewe, kanijia uso umemshuka. Kakutana na jamaa wa Dar kamwambia aache kutesti kwa mkono aingie otomesheni, yaani kuiandikia kompyuta maagizo itesti yenyewe, haraka la sivyo atazeeka anabonyeza vitufe. "Kaka, kwa hiyo mi sina kazi, nna kibarua?" ndo swali lake.

Jamaa hajakosea yote, tuseme ukweli. Programu ikishafika miaka miwili mitatu, ukigusa kitu kimoja inabidi uhakikishe vile vya zamani mia havijavunjika, na hiyo ukimpa binadamu kila wiki basi wiki ya nne ashaanza kuweka tiki kwa mazoea. Selenium yenyewe, zana ya kutesti tovuti kwa mashine, Jason Huggins aliianza 2004 pale kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, kisa kachoka kurudia testi zilezile kwa mkono. Na hela iko huko, matangazo mengi ya kazi yanataka mtu anayeandika kodi, maagizo ya kompyuta, si ile ya TRA. Hapo sibishani.

Ila nielezee kitu cha stendi ya mabasi ya Kange, Tanga. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tunatesti mfumo wa tiketi za mabasi. Basi la kwanza linatoka saa 12 asubuhi, karani kaandika 12:00, mfumo umehifadhi 12:00, tiketi imetoka 12:00. Skripti, ile testi iliyoandikwa kwa kodi, inaingiza 12:00 inategemea kuona 12:00, inaiona, kijani, yaani imepita, kila usiku kijani. Dada mmoja wa timu yetu, hajui kuandika hata mstari wa kodi, akaenda kukaa na karani siku nzima, mchana akamuuliza, hii 12 ni ipi? Karani akacheka, saa 12 si saa 12. Basi hapo ndo tukaona balaa, maana mzee wa Muheza akiisoma ile tiketi atafika alfajiri na gari atalikuta, lakini mpwa wake anayeishi kwa saa ya simu atakuja adhuhuri na begi lake wakati gari linakaribia Dar. Tiketi ileile, nauli ileile, wote wawili wamesoma sawa!

Na hayakuishia hapo. Dada kaendelea kuuliza, je gari la Ijumaa saa 7 usiku, tarehe ipi? Kwenye kompyuta hiyo ni Jumamosi saa moja ya Kizungu, kwa bibi yangu usiku wa Ijumaa ni ule wa jana yake kabisa, Alhamisi jua likishazama. Siku mbili kwa gari moja. Nimelifikiria hili mara nyingi mno, kwamba hakuna skripti ingelikamata, si kwa sababu skripti ni mbovu, ila aliyeiandika ndo huyohuyo aliyedhani saa 12 ni moja tu duniani. Mashine inakagua ulichokwishakifikiria. Kile ambacho hujakifikiria kinamsubiri mtu aende akakae Kange.

Wengi wakisikia testi za mkono wanaona mtu anagusagusa skrini. Cem Kaner, mtaalamu wa kutesti programu, kazi hii ya kuchunguza huku unajifunza aliipa jina la "exploratory testing" tangu 1984, ina nidhamu yake, unaingia na swali, unapanga muda, jibu la sasa linazaa testi inayofuata. Kumwita anayefanya hivyo mbonyeza vitufe ni kama kumwita mvuvi mlowesha nyavu.

Upande wa pili watanitolea Knight Capital, na wana haki. Tarehe 1 Agosti 2012 hiyo kampuni ya hisa Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika kama 45, kisa programu mpya iliwekwa kwenye seva, zile kompyuta za kuendeshea mfumo, 7 kati ya 8, fundi kaisahau moja, na ile moja ikaamsha kodi ya zamani. Binadamu huyo, kwa mkono wake. Sawa kabisa, kupakia seva muachie mashine. Lakini na mimi nina kipande changu, maana asubuhi ile kabla soko halijafunguliwa mfumo wenyewe ulituma imeili 97 kwa wafanyakazi, zinataja tatizo, hakuna aliyezishughulikia. 97 bana! Mashine ilisema, mara tisini na saba ilisema. Ilikosa mtu wa kushtuka akauliza hii ni nini.

Sasa huyo kijana akue vipi. Cheti cha ISTQB, kile cha kimataifa cha watesta, anakitaka, nimemwambia afanye, mtihani wa ngazi ya kwanza ni maswali 40, ukipata 26 umepita, dakika 60, na ukifanya kwa lugha isiyo yako wanakupa 75. Utapata maneno ya kuongea na wenzako kazini. Swali la saa ya Kange halimo. Otomesheni naye ajifunze, hata kidogo tu, ili zile za kurudiarudia zimtoke mikononi apate nafasi ya kuchunguza, ila asijifunze kwa kukimbia kazi yake kana kwamba ni aibu.

Kosa letu sisi wa mkono lipo na ni kubwa, hatuandiki. Mwenye skripti ana kitu cha kumwonyesha bosi, sisi tunasema "niliangalia ikawa poa", sasa nani akuongeze mshahara kwa poa? Yule dada wa Kange alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, kila swali aliloliuliza na nani alijibu nini, na ndo alilokwenda nalo kwenye usaili wa kazi yake iliyofuata. Kijana nimemuuliza lake liko wapi. Kasema yote yako kichwani. Nikampa elfu moja, duka liko hapo mtaani, akirudi ndo tuongee habari za otomesheni.