Kujipima VVU ni jambo jema, lakini umejipima lini?

Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilifanyia marekebisho Sheria ya UKIMWI ya 2008, na mambo mawili yakabadilika kwa mpigo: kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima bila kibali cha mzazi, na watu wakaruhusiwa kujipima wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshapendekeza kujipima tangu Desemba 2016, na Kenya ilianza 2017. Ubishi haujaisha hadi leo. Kuna wanaosema mtu aachiwe siri yake chumbani, na kuna wanaosema majibu ya VVU hayafai kusomwa bila mshauri nasaha pembeni.

Hoja nzito ya upande wa kwanza ni wanaume. Mwanamke hukutana na kipimo kliniki ya wajawazito, hata kama hakukipanga. Mwanaume anaweza kufika miaka 40 hajawahi kukaa kwenye lile benchi la kusubiri kuitwa, maana anajua jirani akipita atamwona. Wengi wao hupima kupitia mke: mama akirudi na majibu hasi, baba naye anajihesabu salama. Hapo anajidanganya. Wapo wanandoa wengi tu ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, kwa hiyo majibu ya mke ni ya mke. Baba wa namna hii hufikiwa kirahisi zaidi na kipimo ambacho mkewe amepewa kliniki aje nacho nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba Tanzania, kati ya watu 100 wa miaka 15 na kuendelea wanaoishi na VVU, kama 83 tu ndio waliokuwa wanajua hali zao. Hao 17 waliobaki hawatafuatwa na bango la barabarani.

Upande wa pili unaogopa mtu kujidhuru akiwa peke yake, na mke kulazimishwa kupima huku mume amemsimamia. Hofu ya kwanza naiheshimu, ila ushahidi wake ni mwembamba. Huko Blantyre, Malawi, ambako watu walipelekewa vipimo mitaani kwao kwa miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa 2015 hayakuonyesha wimbi la watu kujiua. Kulazimishwa ndiko kulikoonekana: karibu watu 3 kati ya kila 100 walisema walishinikizwa kupima. Idadi ndogo, lakini si ya kupuuza, hasa kwa mwanamke ambaye hana pa kwenda usiku huo.

Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya mlango na kusahau kilichomo ndani. Tatizo kubwa ni kusoma majibu.

Chukua kipimo kinachoitwa cha mate, ambacho kwa kweli hakipimi mate wala hakitafuti kirusi. Unapitisha kijiti mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, unakitumbukiza kwenye kichupa cha maji yake, unasubiri dakika 20, unasoma kabla ya 40. Kinachotafutwa ni kinga ambazo mwili umezitengeneza kupambana na virusi. (Kwa hiyo wale wanaosema "kama kinapima mdomoni basi busu linaambukiza" wapumzike.) Kijiti kina alama mbili, C na T. Mstari kwenye C peke yake ni hasi. Mstari kwenye C na mwingine kwenye T, hata ukiwa umefifia kiasi cha kuusogeza dirishani ili uuone, maana yake nenda kituoni ukapimwe upya. C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika.

Watu wanaogopa zaidi mistari miwili ya uongo. Kwenye majaribio yaliyowasilishwa Marekani kabla kipimo hicho hakijaruhusiwa kuuzwa madukani mwaka 2012, watu waliojipima wenyewe walipata chanya ya uongo mara moja kwa kila watu 5,000 hivi wasio na virusi. Ila kati ya kila watu 12 wenye virusi, mmoja aliambiwa hana. Kwa lugha nyingine, kipimo hiki kikikosea, mara nyingi kitakosea kwa kukufariji. Hata hivyo chanya ya kijiti kimoja haijawa ugonjwa; hakuna anayeanzishiwa dawa kabla vipimo vingine havijathibitisha kituoni. Na anayetumia ARV tayari asijipime kuona kama "amepona". Dawa zinaweza kushusha kinga hizo hadi kipimo kikasoma hasi, naye akaacha dozi akidhani Mungu amejibu.

Sasa fikiria kijana aliyelala na mtu Ijumaa bila kondomu. Jumapili roho inamsuta, anakwenda famasi, ananunua kipimo, anajifungia. Mstari mmoja. Anashukuru, analala. Kipimo hakijamdanganya: kimemweleza mambo ya miezi mitatu nyuma, yeye amesikia habari za Ijumaa. Kinga zinazotafutwa huchukua wiki kadhaa kuonekana, na ndani ya wiki hizo mtu aliyeambukizwa huwa na virusi vingi mno mwilini, anaambukiza wengine huku ana "majibu hasi" mfukoni. Kibaya zaidi, Jumapili hiyo alikuwa bado ndani ya saa 72 za kuanza PEP, dawa za siku 28 zinazoweza kuzuia maambukizi. Mshauri wa kituo cha afya angemuuliza "mara ya mwisho ni lini?" kabla hata ya kumtoboa kidole. Boksi haliulizi.

Kwa hiyo naunga mkono kujipima, na ningekataa kurudi kwenye sheria ya zamani. Lakini sikubaliani na wanaosema karatasi ya maelezo inatosha. Maelezo ya kusubiri miezi mitatu baada ya tukio yamo, ila yamebanwa kwa maandishi madogo ambayo mtu aliyeshikwa na woga hatayafikia. Muuza famasi anayeuliza umri wa mtoto kabla ya kutoa dawa ya mafua hashindwi kuuliza kama tukio lina siku tatu au miezi mitatu. Aliye ndani ya siku tatu asiuziwe kijiti kwanza. Aelekezwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.