Iringa chakula kipo, wa kumlisha mtoto saa 6 mchana yuko wapi?

Kila takwimu za udumavu (mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni) zikitoka, watu wa nyanda za juu kusini wanasemwa vilevile: mna mahindi, maharage, viazi, maparachichi, sasa watoto wanadumaaje kama si uzembe wa kina mama? Na namba zenyewe zinatisha kweli. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni 30. Mikoa inayolisha Dar hiyo.

Mi hiyo 56.9 ndo hainitoki kichwani, maana kitaifa tulikuwa 34 mwaka 2015/16 tukashuka, Iringa yenyewe ikapanda. Kama shida ni kutojua lishe, ina maana kina mama wa Iringa wamezidi kutojua ndani ya miaka hiyo michache? Redio wanasikiliza, kliniki wanaenda, habari ya siku 1000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili, wanaimbiwa kila wakipima uzito.

Wanaodai elimu wana hoja, siwabishii. Nimeuona uji wa mahindi mtupu, mwepesi unaona hadi kitako cha kikombe, kwenye nyumba yenye debe la karanga na kuku wanataga uani, mayai yote yanaenda gengeni. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba kama kikombe kimoja tu kwa mlo, ukimjazia maji kashiba na hajala kitu. Hapo somo linasaidia. Na wale wa "sisi kwetu ni wafupi tu" nao waambiwe, mtoto mdogo akila vizuri na asiugueugue anakua kama wenzake popote duniani.

Ila sasa somo halimuongezei mtu masaa. Mufindi, wilaya ya Iringa hiyohiyo, kuna mama mmoja anachuma chai kibarua, anatoka saa 11 alfajiri, mtoto wa miezi 9 anabaki na dada yake wa miaka 8 na chupa ya uji. Siku nilipokuwa pale amerudi saa 10 jioni kafungua chupa, nusu imebaki na imeanza kuchacha, dada mtu anasema "alikataa". Mtoto wa umri huo anatakiwa ale mara tatu nne kwa siku, tena kwa kubembelezwa, sasa nani ambembeleze, yule wa miaka 8 ambaye naye ana njaa? Huyo mama ukimuuliza makundi ya chakula anakutajia yote bila kukosea, nilimuuliza.

Sheria ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, akirudi ana hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Nzuri sana kwa wa ofisini. Kibarua anayelipwa kwa kilo alizochuma, au aliye shambani kwake wiki ya palizi, masaa mawili anamdai nani?

Afu tunamruka baba. Mahindi yakishavunwa mara nyingi ndo anaamua gunia ngapi ziuzwe na hela iende wapi, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ni huohuo wa mvua, mama ana jembe yeye yuko kilabuni. Si wote jamani, wapo wanaobeba watoto hadi kliniki, ila ni wachache kiasi kwamba wakipita wanageuziwa shingo.

Siku ya afya na lishe kijijini kwa yule mama wa Mufindi iliwekwa saa 4 asubuhi, katikati ya palizi. Walikuja kina mama kumi na kitu, matope miguuni, wakafundishwa kuchanganya karanga kwenye uji. Baba alikuja mmoja, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, akafungua kikao akaondoka.