Panya Hana Kawasaki, Ana Mshipa Tu

Mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa wa Kawasaki, unaovimbisha mishipa ya damu ya watoto, huwezi kumkata kipande cha mshipa wa moyo ukakiangalie kwa hadubini. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka panya waondolewe maabara mara moja. Tunayoyajua kuhusu kuta za mishipa hiyo kwa binadamu yametoka zaidi kwa watoto waliofariki, na kwa wachache mno waliopandikizwa moyo mwingine. Maiti hukuonyesha ugonjwa ulipofikia, haikuonyeshi ulivyoanza.

Daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki alichapisha habari za wagonjwa wake 50 nchini Japani mwaka 1967: homa isiyoshuka, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, vipele, ngozi ya vidole kubambuka. Hadi leo chanzo hakijulikani. Kinachojulikana ni kwamba bila tiba, takriban mtoto 1 kati ya 4 huharibika mishipa inayolisha moyo: ukuta hulegea, mshipa ukatuna kama puto, na damu inaweza kuganda humo.

Tangu miaka ya 1980 watafiti humdunga panya mchanga tumboni kwa dondoo la ukuta wa seli za bakteria aitwaye Lactobacillus casei. Baada ya wiki mbili hivi, mishipa ya moyo wake huwa imevimba. Ukitia rangi kipande chembamba cha moyo huo utaona seli za kinga zimejazana kuuzunguka mshipa na nyuzi za ukutani zimekatika. Unafanana mno na mshipa wa mtoto. Lakini panya huyo hana vipele wala midomo iliyopasuka, na mara nyingi hutuna mshipa mkuu wa tumboni, jambo lililo nadra kwa watoto. Usimuulize ugonjwa umetoka wapi. Sisi ndio tuliomdunga!

Kuhusu mshipa wenyewe, amesaidia kweli. Panya wasio na kipokezi cha interlukini-1, protini inayochochea uvimbe, walidungwa na mishipa yao ikasalimika. Wengine waliokingwa kwa anakinra, dawa inayoziba kipokezi hicho, vilevile. Majibu hayo yalichangia dawa hiyo kujaribiwa kwa watoto ambao dripu ya kingamwili, ambayo ndiyo tiba ya kawaida, haikuwashushia homa. Ila protini nyingine ya uvimbe, TNF, ilituachia funzo tofauti. Kuizuia kuliwalinda panya vizuri sana. Infliximab, dawa inayoizuia, ilipoongezwa kwenye tiba ya kawaida ya watoto katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, homa iliisha mapema, lakini idadi ya watoto ambao tiba ya kwanza haikuwafaa haikupungua.

Mimi nashuku saa. Katika majaribio mengi panya hupewa dawa kabla ya sindano ya ugonjwa au muda mfupi baadaye, wakati mshipa bado mzima. Mtoto hana bahati hiyo. Anafika na homa ya siku 5 au zaidi, pengine ameshatibiwa koo, na kuta zimeshaanza kuliwa. Kama tunamtoa uhai mnyama, na tunamtoa, basi dawa ianze mshipa ukiwa umeshavimba, tena itolewe pamoja na kingamwili kama wodini. Na baadhi ya panya waachwe miezi kadhaa, maana mtoto aliyepona ataishi na huo mshipa wenye kovu kwa miongo.