Mizani ya Zama Zao: Kafara za Watu katika Makaburi ya Wafalme wa China

Kila panapozungumzwa habari za watu waliouawa ili wawasindikize wafalme wa China ya kale kaburini, hatakosekana wa kukumbusha kwamba haifai kuwahukumu watu wa zama zile kwa mizani ya zama zetu. Kwao, husemwa, kifo kilikuwa safari. Mfalme aliyefariki aliwahitaji watumishi kama alivyowahitaji akiwa hai, na aliyezikwa naye pengine alijiona amepewa heshima. Hoja hii ina uzito wake, na mara nyingi hutolewa na watu waliosoma zaidi kuliko wale wanaokimbilia kusema "ushenzi" na kuishia hapo. Lakini imewafanya wanaoshikilia kwamba mauaji yale yalikuwa uovu, na kwamba mwanahistoria ana haki ya kusema hivyo, waonekane kama watu wasioijua historia. Ninaandika kwa sababu naona kinyume chake: ukizifuata kwa utulivu kumbukumbu za Wachina wenyewe, ushahidi mwingi uko upande wa hao wanaoyaita uovu.

Tuupe upande wa kwanza haki yake. Katika makaburi ya kifalme ya nasaba ya Shang, iliyotawala zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, karibu na mji wa Anyang katika jimbo la Henan, wanaakiolojia wa miaka ya 1930 walikuta mpangilio usioweza kuelezwa kwa hasira wala ukatili wa ghafla. Kwenye sakafu ya kaburi linaloitwa 1001 kulikuwa na mashimo tisa, na katika kila shimo mtu mmoja mwenye silaha pamoja na mbwa mmoja, kana kwamba wamewekwa zamu ya kulinda. Hawa walipangiwa kazi. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lililofukuliwa mwaka 1976 bila kuwahi kuguswa na wezi, lilikuwa na watu 16 na mbwa 6, pamoja na vitu vya shaba zaidi ya 400 na simbi za kauri karibu 7,000. Maandishi ya mifupa ya ramli, yaani mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe ambayo wapiga ramli wa mfalme waliyachoma moto ili wasome nyufa zake, yanaonyesha utawala uliopima karibu kila jambo kwa radhi ya waliokufa: mvua, vita, jino la mfalme linalouma, uchungu wa malkia anayejifungua. Watu walioishi ndani ya imani hiyo hawakuwa wakiigiza, na asiyelielewa hilo hataelewa chochote kilichofanyika Anyang.

Iko sababu nyingine ya tahadhari, ambayo msomaji wa Afrika hana haja ya kufundishwa. Mwaka 1897 Waingereza waliuteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, na kubeba maelfu ya kazi zake za sanaa, huku habari za kafara za watu zikitangazwa kwao kama uthibitisho kwamba vita ile ilikuwa ya haki. Aliyeiona hoja ya "ushenzi" ikitumika namna hiyo ana kila sababu ya kuishuku inapoelekezwa kwa taifa jingine lolote. Nakubali yote mawili.

Ninapotofautiana na hoja ya mizani ni pale inapochukulia kwamba kila zama zilikuwa na mizani moja tu, na kwamba aliyeishika alikuwa mfalme.

Tuitazame dola ya Qin, iliyokuwa magharibi, katika jimbo la Shaanxi la leo. Mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba mtawala Wu alipofariki mwaka 678 KK watu 66 walimfuata kaburini, na kwamba alipofariki mtawala Mu mwaka 621 KK walikuwa 177. Mtu angeweza kudhani kwamba hesabu hizi, zilizoandikwa karne nyingi baadaye chini ya nasaba nyingine, zimetiwa chumvi ili kuwachafua Qin. Lakini kuanzia mwaka 1976 wanaakiolojia walichimba huko Fengxiang kaburi la mtawala Jing, aliyefariki mwaka 537 KK, na baada ya miaka kumi ya kushuka hadi kina cha mita 24 walikuwa wamehesabu watu 186. Udongo ulikuwa na wengi zaidi kuliko kitabu.

Sijaweza kuziacha namba hizi tatu, 66, 177 na 186, kwa sababu ndizo zinazoitikisa hoja ya imani kuliko kitu kingine. Kama haja ilikuwa huduma ya ahera, kumpikia marehemu, kumvisha, kumpigia ngoma na kumlinda, kwa nini haja hiyo iongezeke karibu mara tatu ndani ya miaka 141, katika ukoo uleule wenye imani ileile? Na tazama walivyolazwa katika kaburi la Jing: 72 katika masanduku mazuri karibu na mtawala, 94 katika majeneza duni zaidi, na 20 waliokutwa kwenye udongo wa kujazia, bila jeneza lolote. Hata kifo kiligawanywa kwa madaraja. Yote haya yalitukia wakati desturi yenyewe ilikuwa imepungua sana katika maeneo yaliyofuata utaratibu wa wafalme wa Zhou, nasaba iliyochukua nafasi ya Shang, ambao Qin waliutambua ukuu wao. Watawala wa Qin walijua kwamba yapo maziko mengine ya heshima yasiyohitaji watu 186. Waliyaona kwa majirani zao, na wakachagua yao.

Raia wao nao walikuwa na la kusema. Miongoni mwa wale 177 walikuwemo ndugu watatu wa ukoo wa Ziche, Yanxi, Zhonghang na Zhenhu, watu waliosifika katika nchi nzima. Utenzi ulioimbwa juu yao umehifadhiwa katika mkusanyo wa kale kuliko yote ya mashairi ya Kichina, na kila ubeti unamtaja mmoja wao akilikaribia shimo huku akitetemeka, kisha wanaolia wanasema kwamba kama angeweza kukombolewa, watu mia wangetoa nafsi zao badala yake. Wafafanuzi wa baadaye walidai kwamba ndugu hao waliahidi wenyewe kufa na mtawala wao siku moja walipokuwa wakinywa naye pombe. Na iwe hivyo. Ahadi ya kileoni mbele ya mwenye amri ya uhai na kifo si hiari, na utenzi hautaji ahadi yoyote, unataja kutetemeka. Historia ya kale ijulikanayo kama Zuozhuan inaongeza hukumu ya kisiasa isiyo na kificho: Mu alistahili kukosa kuwa kiongozi wa madola mengine, kwa sababu alipokufa aliwatupa watu wake.

Kitabu hichohicho kina kisa cha dola ya Jin ambacho kwangu kina thamani kuliko mahubiri mengi. Bwana mmoja mkubwa aliyeitwa Wei Wuzi aliugua, akamwagiza mwanawe Wei Ke kwamba atakapokufa, suria wake asiye na mtoto aozwe kwa mume mwingine. Ugonjwa ulipozidi akabadili kauli, akaagiza azikwe naye. Baba alipofariki, Wei Ke alimwoza yule mwanamke, akaeleza kwamba ugonjwa mzito huivuruga akili ya mtu, naye amefuata agizo ambalo baba yake alilitoa akiwa timamu. Hebu tuipime sababu hiyo. Utii kwa baba ulikuwa nguzo ya maadili yao, na Wei Ke hakuibomoa, aliitumia. Alichukulia kwamba baba mwenye akili zake hawezi kutaka mtu azikwe kwa ajili yake, na msimulizi akakubaliana naye, kwa maana anasema kwamba mwaka 594 KK roho ya baba wa yule mwanamke ilimsaidia Wei Ke vitani kwa kufunga majani yaliyomkwaza adui yake. Katika simulizi hii hata wafu, ambao imani yao inatajwa sana kuitetea desturi, wako upande wa aliyeikataa.

Karne ya 5 KK mwanafalsafa Mozi alilalamika kwamba maziko ya mfalme mkuu huua watu mamia kadhaa yakizidi na makumi kadhaa yakipungua. Karne ya 3 KK mwanafalsafa mwingine, Xunzi, ambaye alitetea ibada za mazishi kwa juhudi kubwa na hawezi kushukiwa kuwa adui wa mila, aliandika kwamba kuwaua walio hai ili kuwasindikiza wafu ni ujambazi. Hayo ndiyo maneno ya zama zao.

Upande wa kwanza una jibu hapa, nalo linastahili kusikilizwa: wanafikra walikuwa wachache, na desturi haikupungua kwa sababu ya vitabu vyao. Katika zama za madola yanayopigana kila kijana alikuwa mkulima wa kulipa kodi na askari wa kuvuka mpaka, na dola iliyozika watu wake ilijikata mkono. Qin ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 384 KK, wakati ilipokuwa dhaifu na inahitaji nguvu kazi. Sipingi kwamba hesabu ya faida ilisaidia. Nasema tu kwamba sheria iliyosimama juu ya faida peke yake huanguka faida inapobadilika, na Qin wenyewe ni ushahidi. Mwaka 210 KK, miaka 174 baada ya marufuku, alipofariki mtawala wa Qin aliyekuwa mfalme mkuu wa kwanza wa China yote, mwanawe aliamuru masuria wote wa baba yake wasio na watoto wamfuate, na mafundi walioijua siri ya kaburi wakafungiwa ndani. Wale askari maarufu wa udongo wa kuchoma, ambao husifiwa kama dalili kwamba sanamu zilichukua nafasi ya watu, wanalinda kaburi ambalo sanamu hazikulitosheleza.

Lakini sehemu ya historia hii inayoninyima utulivu iko mbali sana na Qin. Mwaka 1398 alipofariki mwasisi wa nasaba ya Ming, masuria wake wengi walilazimishwa kufa naye, na familia zao zikalipwa vyeo vya kurithi katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Hapa hatuna tena watu wa mifupa ya ramli. Huu ni utawala wa mitihani ya utumishi wa serikali, uliowakaririsha vijana wake maneno ya Confucius na Mencius, wanafalsafa wa kale ambao hata sanamu za kuzikwa na wafu ziliwachukiza kwa kuwa zilifanana na binadamu. Kumbukumbu za ikulu ya Korea zimehifadhi habari za mwaka 1424, alipofariki mfalme Yongle. Wanawake zaidi ya 30 walilishwa uani, kisha wakapandishwa ukumbini ambako kilio chao kilitikisa jengo, wakasimamishwa juu ya vitanda vidogo vya mbao, wakatiwa kamba shingoni, na vitanda vikaondolewa. Mmoja wao, Mkorea wa ukoo wa Han, alimwomba mfalme mpya amrudishe kwao yaya wake, kisha akamlilia yaya huyo, "Mama, naenda! Mama, naenda!" Yaya, jina lake Kim Heuk, alirudi Korea mwaka 1435, na kwa kinywa chake tunayajua haya.

Mwaka 1427 mdogo wake yule mwanamke alichaguliwa naye apelekwe China. Aliugua, na kaka yao, aliyekuwa amepanda cheo kutokana na dada wa kwanza, akamletea dawa. Msichana akamjibu kwamba ameshauza dada mmoja na utajiri wake umetosha, dawa ni ya nini tena? Kisha akachukua kisu akayakatakata matandiko aliyojiwekea kwa ajili ya ndoa yake. Ni nani atakayemwambia msichana huyu kwamba anaipima desturi kwa mizani isiyo ya zama zake?

Aliyeikomesha alikuwa mfalme Yingzong, ambaye alipotawazwa akiwa mtoto mwaka 1435 masuria kumi wa baba yake walizikwa pamoja na baba huyo. Akiwa anakufa mwaka 1464 aliagiza kwamba hawezi kulivumilia jambo hilo, likomee kwake, na walio nyuma yake wasilirudie. Hakuleta falsafa mpya wala hakutaja faida yoyote. Alisema jambo ambalo Wei Ke angelielewa bila kufafanuliwa, ingawa walitenganishwa na zaidi ya miaka 2,000.

Inabaki Shang, na hapa nakiri kwamba hoja ya mizani inasimama vizuri zaidi kuliko kwingineko, kwa sababu maandishi yote ya ramli yalitoka kwa watumishi wa mfalme na hakuna sauti iliyohifadhiwa ya aliyepinga. Mlinzi aliyelazwa na silaha yake chini ya kaburi 1001 huenda aliamini anaendelea na kazi. Lakini mifupa ya ramli inataja zaidi ya watu 13,000 waliotolewa kafara au kukusudiwa kutolewa, wengi wao wakiwa Waqiang, mateka kutoka magharibi, na kando ya makaburi ya kifalme kuna mashimo zaidi ya elfu moja, mengi yakiwa na vijana wa kiume waliokatwa vichwa. Utafiti wa isotopu, yaani alama za kikemikali ambazo chakula huziacha mifupani, uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahanga waliopimwa walitoka nje ya Anyang na walikuwa wamekula chakula cha mahali hapo kwa miaka kadhaa kabla ya kuuawa. Yaani waliletwa, wakawekwa, wakaishi kwa muda wa kutosha chakula cha watekaji wao kuingia mifupani mwao, ndipo siku yao ikafika. Imani ya Wu Ding inatueleza kwa nini aliwaua. Haitufahamishi lolote kuhusu wao walivyokipokea kifo hicho, maana mababu waliokuwa wakilishwa damu yao hawakuwa mababu zao. Nao ndio walio wengi kuliko wote katika historia nzima ya desturi hii.